Hesabu Jioni, Usihesabu Watoto

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza: mimi na baba yako tuliwezaje kuwafundisha ninyi wanane nyumbani, na bado mkacheza mpira, mkaimba kwaya, mkajifunza kinanda, wakati wewe una watano tu na ikifika Alhamisi huna nguvu hata ya kusali? La pili umelificha mwisho, mstari mmoja tu: "Mama, hivi ulijuta kunitoa kwenye kuogelea?" Nitayajibu yote mawili.

Tulivyoweza? Kwanza tulishindwa. Wewe unakumbuka miaka ya baadaye, nyumba ilipokwisha tulia. Mimi naukumbuka mwaka ule ulipokuwa na miaka 11, mko saba na kitinda mimba yuko tumboni. Nilikuwa nimebandika kalenda kubwa ukutani jikoni, kila mtoto na rangi yake, na shughuli zenu zilikuwa 11 kwa wiki. Sikutaka mtu aseme watoto wanaosoma nyumbani hawachangamani na wenzao. Maneno hayo niliyasikia hata nje ya kanisa baada ya Misa, na kila nilipoyasikia niliongeza rangi nyingine kwenye kalenda.

Jioni moja tulikuwa garini tukimsubiri kaka yako amalize mazoezi. Mdogo wako, yule mtoto wetu wa tano, ana miaka saba, nikampa kitabu chake anisomee. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno. Nikafurahi. Kisha nikatazama vizuri: kidole kilikuwa mstari wa tatu, mdomo ulikuwa mstari wa tano. Nikamfungulia kitabu kingine, akanyamaza. Mtoto alikuwa amekariri. Muhula mzima alikisikia kitabu kile mkimsomea ninyi wakubwa njiani, akakishika chote kichwani, na kusoma hajui. Na mwalimu wake ni mimi.

Usiku ule baba yako aliniuliza kitu kimoja tu: "Wiki hii tumekula pamoja mara ngapi?" Mara moja, Jumapili. Rozari nayo tulikuwa tukiianza garini, na tukifika makumi mawili mtu wa kwanza ameshashuka. Tukaishusha ile kalenda.

Tulichobadilisha si kikubwa, ila kilitugharimu. Tukaacha kuhesabu watoto, tukaanza kuhesabu jioni. Ukisema "kila mtoto ana shughuli mbili," inasikika kama kiasi, lakini kwa watoto saba hizo ni safari 14. Tukasema nyumba hii ina jioni mbili za kutoka kwa wiki, basi. Kinachoingia humo kinaingia. Kisichoingia kitasubiri msimu mwingine. Jioni zilizobaki ni za meza na sala, na hakuna kocha wala mwalimu anayezigusa.

Ukishahesabu hivyo utaona jambo ambalo mimi nilichelewa kuliona: kuna shughuli inayobeba watoto wengi kwa safari moja. Kwaya ya watoto parokiani iliwachukua wanne wenu saa ile ile, mahali pale pale. Mazoezi ya watumishi wa altare yaliwachukua kaka zako wawili, na wadogo wakakaa na Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, chumba cha pili. Shughuli ya mtoto mmoja peke yake tuliiruhusu, lakini moja kwa kila msimu, na aliye chini ya miaka saba hakuwa nayo. Uwanja wake ulikuwa ua wetu, na timu yake ilikuwa ninyi. Majilio na Kwaresima hatukuanza jambo jipya lolote.

Kisha kuna mchana. Sisi tunaosomesha nyumbani tuna mchana, na tunausahau! Masomo yenu yalianza saa mbili asubuhi, na saa sita tulikuwa tumemaliza yale yanayohitaji mwalimu kukaa karibu. Mwalimu wa kinanda alikuwa na nafasi nyingi saa nane, watoto wengine wakiwa bado darasani. Mwulize huyo mwalimu wa fidla uliyeniandikia habari zake kama anaweza kumchukua mjukuu wangu wa pili saa hizo. Na mtoto akishafika kwenye fidla, usimfundishe tena somo la muziki nyumbani. Anayekimbia mazoezini hana haja ya kipindi kingine cha mazoezi ya viungo. Naona kwenye ratiba uliyonitumia umeyaweka yote mara mbili. Futa.

Umesema pia wenzako wanakwambia unawanyima watoto. Nilipokuwa nikiambiwa hivyo nilikimbilia nyaraka za Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisema wazazi ndio waelimishaji wa kwanza na walio wakuu. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia, Familiaris Consortio, kwamba wajibu huo hauwezi kukabidhiwa kwa wengine wote mzima, wala wengine hawawezi kuupora. Niliyasoma maneno hayo kama ngao dhidi ya walionisema. Baada ya jioni ile ya kitabu niliyasoma upya, nikaona yananisema mimi. Hakuna aliyenipora. Mimi ndiye niliyegawa jioni zenu kwa makocha, nikabaki dereva.

Lakini waraka huo huo, namba 40, unasema familia ni jumuiya ya kwanza ya malezi, ila si ya pekee. Hilo nalo lishike. Kuna vitu ninyi mlivipata kwa mwalimu wa kwaya ambavyo mimi nisingeweza kuwapa: kusahihishwa na mtu asiye mama yenu, kumsubiri mwenzako asiyejua sauti yake, kuimba vibaya mbele ya watu kisha kurudi wiki ijayo. Mtakatifu Yohane Bosco alipokuwa mvulana alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya mazingaombwe ili kuwakusanya watoto wenzake, na waliokusanyika aliwasalisha. Kwa hiyo usiingiwe na hofu kwamba kila saa ya mchezo imeibwa kwenye sala. Mimi napima hivi: mtoto akirudi, anarudi na kitu cha kuleta mezani, au anarudi kulala tu?

Jumapili nitasema kwa kifupi. Sheria ya Kanisa, kanuni 1247, inadai Misa, na inataka siku hiyo iwe na furaha na mapumziko ya akili na mwili, hivyo mpira wenyewe si dhambi ya Jumapili. Na mechi ikigongana na Misa, kanuni 1248 inatambua Misa ya Jumamosi jioni. Tuliitumia nafasi hiyo mara chache. Msimu mmoja ikageuka kawaida, na Jumapili ikawa siku ya kutafuta soksi na kukimbizana na saa, tukaacha. Katekesi ya Komunyo ya kwanza haikupisha chochote. Kanuni 914 inaweka jukumu hilo kwanza kwa wazazi, pamoja na paroko, na hapo hatukujadiliana na mtu.

Sasa la wewe mwenyewe. Lina sehemu mbili, na ya kwanza hukuiuliza.

Miaka ile nilikutegemea kuwafundisha wadogo. Nilijitia moyo kwa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu: mtoto wa mwisho kati ya tisa, wanne kati yao walikufa wangali wadogo, na mama yake Zélie alipofariki mwaka 1877, dada yake Pauline ndiye aliyemfundisha nyumbani. Nikasema, tazama, dada akimfundisha mdogo wake huzaliwa mtakatifu. Sikuangalia miaka. Pauline alikuwa anakaribia 16. Wewe ulikuwa na 11, na ulikuwa na masomo yako. Mkubwa wako kumsikiliza mdogo wake akisoma kwa dakika 20 ni jambo zuri kwa wote wawili. Kumfanya mwalimu ili wewe upate nafasi ya kuendesha gari ni kumchukulia utoto wake. Naona umeandika kwamba kifungua mimba wako "ananisaidia sana na wadogo." Mwangalie, mwanangu. Watoto wa namna hiyo hawalalamiki, wewe hukulalamika.

Na kuogelea. Ndiyo, nilijuta.

Ulikuwa na miaka 12, mtoto mchanga ana miezi minne. Kocha alikuja mpaka mlangoni akasema una kifua cha kuogelea, anakutaka asubuhi tano kwa wiki kabla jua halijachomoza, na Jumamosi. Sheria yetu ya jioni mbili ilikuwa bado changa na nilikuwa nailinda kama yai. Mimi na baba yako tulikata shauri usiku, nikakwambia asubuhi ukiwa umesimama na ufagio mkononi: haiwezekani, Mungu atakupa kingine. Hukujibu, uliendelea kufagia. Vazi lako la kuogelea ulilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, likakaa pale mwaka mzima mpaka likawa dogo kwako. Kila nilipofunga mlango ule nililiona.

Kukataa asubuhi tano pengine kulikuwa sahihi hata leo. Nilichokosea ni kwamba hatukukuuliza. Nilimsingizia Mungu uamuzi uliokuwa wetu. Na sikutafuta njia ya kati: asubuhi mbili, au kumwomba mzazi mwingine akupitie. Kulikuwa na mama mmoja wa timu ile aliyepita barabara yetu kila siku. Sikumwomba lifti kwa sababu niliona aibu. Nilidhani mwenye watoto wanane akiomba msaada atakuwa amekiri kwamba wanaomsema wana haki. Ulilipa wewe kwa ajili ya aibu yangu. Nisamehe.

Kwa hiyo kuhusu mjukuu wangu wa pili na fidla yake: mwalimu anataka siku nne, na wewe unataka kukataa kwa sababu wengine wana moja moja. Usikatae bado. Mkae naye, wewe na mume wako, mchana, si usiku baada ya yeye kulala. Mwulize anataka nini na yuko tayari kuacha nini. Kama kweli ni kipaji, huenda huyu mmoja atahitaji zaidi ya wenzake mwaka huu, na wenzake watakosa kitu kwa ajili yake. Waambie hivyo waziwazi, wasije wakagundua wenyewe. Mwaka mwingine itakuwa zamu ya mwingine. Na zile jioni za meza usiziguse hata kwa ajili ya fidla.

Halafu omba msaada. Kuna wazazi parokiani kwenu wanaopita njia hiyo hiyo, na mimi nipo. Alhamisi nipeni mimi. Nitafika saa nane mchana, nitamsikiliza yule wa nne akisoma, na wewe utampeleka mwenye fidla peke yake, mkiwa wawili tu garini. Nadhani hajawahi kuwa na wewe peke yake tangu wadogo zake wazaliwe.

Niandikie mwalimu amesemaje kuhusu saa za mchana.

Mama yako