Michango ya Asha Iliyoingia kwa Juma

Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani. Nilipoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nilijitia kimbelembele: nitamwandikia programu, aachane na daftari. Niliijaribu kwa mwanachama mmoja, ikajumlisha vizuri. Nikamwita. Tulipoingiza watatu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona wote wana michango ileile? Huyu wa mwisho hajalipa hata senti."

Msimbo wenyewe ulikuwa huu:

```
class Mwanachama:
    michango = []

    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina

    def weka(self, kiasi):
        self.michango.append(kiasi)
```

Mafunzo yote niliyopitia yalisema klasi ni ramani na instansi ni nyumba. Sawa, lakini nyumba haipokei hela, na mfano huo haukuwahi kunieleza methodi inajuaje inamshughulikia nani. Kilichonisaidia ni vile vitabu vya wanachama vilivyokuwa mezani kwa mama. Mistari yake ni ileile: jina, hisa, mkopo, sahihi. Mpangilio huo uliamuliwa mara moja tu. Hiyo ndiyo klasi. Kitabu kilichokwisha kuandikwa jina la Asha ni instansi. Kuandika mchango ni methodi: utaratibu ni mmoja kwa wote, ila kabla ya kushika kalamu lazima mama aambiwe kitabu ni cha nani.

Jibu la swali hilo ndilo `self`. Ukiandika `asha.weka(5000)`, Python kwa ndani inaita `Mwanachama.weka(asha, 5000)`. Jaribu kuziandika zote mbili, utaona zinafanya kazi ileile. Ndiyo maana ukisahau `self` kwenye mabano ya methodi, unalalamikiwa kuwa umeipa vitu viwili ilhali kwa macho yako umetoa kimoja. Kosa hilo lilinipotezea jioni nzima.

Sasa turudi kwenye hela za watu. Python ikiona `self.michango`, inatafuta kwanza ndani ya instansi. Isipopata, inapanda kwenye klasi. Orodha yangu niliiweka kwenye klasi, kwa hiyo ilikuwa moja tu kikoba kizima, na kila aliyelipa alichangia humohumo. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba awali nilikuwa nimeweka `jumla = 0` mahali hapohapo na haikuleta shida yoyote. Sababu ni kuwa `self.jumla = self.jumla + kiasi` inasoma sifuri ya klasi, halafu inaandika jibu kwenye instansi, na tangu hapo Asha ana jumla yake. `append` haiandiki jina jipya popote, inaongeza tu kwenye orodha iliyokwishapatikana. Namba ilinifichia ujinga wangu, orodha ikaniumbua.

Dawa yake ni mstari mmoja: ondoa `michango` pale juu, andika `self.michango = []` ndani ya `__init__`, methodi ambayo Python huiita yenyewe kila instansi mpya inapotengenezwa. Si kwamba kila kitu kikimbizwe huko. Bei ya hisa, kwa mfano, ni moja kwa wanachama wote, na pale juu kwenye klasi ndipo kwao.

(Wanorwe Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotuletea klasi kupitia lugha ya Simula mjini Oslo miaka ya 1960, walikuwa wakitaka kuiga mambo kama foleni, ambamo kila mteja ana zamu yake. Nadhani wangenielewa.)

Siku hizi kabla sijaiamini klasi yoyote natengeneza instansi mbili, kamwe si moja. Namwekea Asha elfu tano, kisha nachapisha michango ya Juma. Nikikuta mabano matupu, ndipo namwita mama.