Kusomea ualimu wa praimari ukitoka Lamu

Dadangu, umeuliza kama mwanao mwenye C ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, bado anaweza kuingia P1, kile cheti cha ualimu wa praimari. P1 ilishaondolewa, toka 2021 ni diploma miaka 3, na C yake inatosha kabisa. Chuo kimoja cha serikali huku kwetu Pwani ni Shanzu kule Mombasa, basi nauli muweke kwenye hesabu. Masomo si mabaya, kinachowachosha ni mazoezi ya kufundisha, maana kila kipindi lazima uwe na andalio la somo limeandikwa na chati za manila umechora mwenyewe usiku halafu asubuhi mkaguzi yuko pale nyuma ya darasa na kalamu yake. Akimaliza ajisajili TSC, ile tume ya walimu, bila namba ya TSC haruhusiwi kufundisha, hata skuli ya praiveti.