Kulala chini ya Grand Canyon

Umeuliza, dadangu, kama ukifika Marekani Julai unaweza kushuka tu Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini kabisa ya bonde la Grand Canyon, na kuomba chumba. Hapana. Vile vijumba vya mawe, alivyobuni msanifu majengo Mary Colter na kufunguliwa 1922, hugawiwa kwa bahati nasibu miezi 15 kabla. Ukikosa, omba kibali cha hema kambi ya Bright Angel, hapo hapo karibu. Hicho hutolewa na ofisi ya hifadhi yenyewe. Na chakula cha pale nacho huagizwa mapema, usitegemee kukuta sahani inakungoja.

Lakini Julai? Chini kule joto hupita nyuzi 40. Sisi watu wa Nairobi tumezoea baridi ya Julai na sweta, tutaungua. Nenda Oktoba.

Tatizo la bonde ni kwamba linakudanganya. Mlima Longonot wa kwetu unapanda ukiwa na nguvu, unashuka ukiwa umechoka. Kule ni kinyume: kilomita 11 za kushuka kwa njia ya South Kaibab (haina maji hata tone, beba yako), kisha kesho yake magoti yanauma na una karibu mita 1,400 za kupanda. Rudi kwa njia ya Bright Angel, ni ndefu zaidi ila mteremko wake ni wa taratibu. Mzigo unaweza kulipia ubebwe na nyumbu. Mimi niliona aibu kulipa, nikabeba mwenyewe. Ujinga mtupu.

Na kabla ya kulipa tiketi ya ndege, angalia kama njia ziko wazi. Hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo ya bomba la maji.