Wasomaji Wanauliza: Kupanga Nyumba Mtaa wa Golf, Lubumbashi

Nimetoka Dar es Salaam kufanya kazi kwenye kampuni ya migodi. Nimeonyeshwa nyumba nzuri Golf. Mwenye nyumba anadai garanti (amana ya upangaji) ya miezi 6 taslimu, na komisionere (dalali) anataka kodi ya mwezi 1 iwe yake. Ndivyo ilivyo hapa?

Karibu Lubumbashi, ndugu. Mwezi wa komisionere ni desturi. Mlipe, lakini mkataba ukishasainiwa, si siku ya kuonyeshwa geti.

Garanti ni jambo jingine. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wa Golf wanaijua vizuri. Wanaomba zaidi kwa sababu mgeni wa kampuni hulipa bila kuuliza. Kama nyumba umeipenda na lazima utoe miezi 6, basi miezi 3 ya ziada iandikwe kwenye mkataba kuwa ni kodi ya mbele, na miezi inayolipiwa itajwe kwa majina. Kodi ya mbele huisha kadiri unavyoishi. Garanti itabidi uidai siku ya kuondoka, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ndiyo maana wapangaji wengi wa hapa "hukula garanti": hutoa notisi ya miezi 3, kisha hukaa miezi hiyo bila kulipa. Ukitaka kufanya hivyo, mkubaliane mapema kwa maandishi.

Kabla ya kutoa hata dola moja, omba kopi ya certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) ya lupangu (kiwanja), ukahakikishe kwenye ofisi ya Titres Immobiliers (hati za ardhi). Jina lililomo lifanane na la anayesaini. Kama mwenye lupangu amefariki, warithi wote wasaini, au yule wanayemtuma awe na barua yao ya uwakilishi. Nyumba nyingi nzuri zina kesi ya ndugu nyuma ya ukuta. Omba pia bili za mwisho za SNEL (umeme) na Regideso (maji), ili deni la aliyetangulia lisije likawa lako. Siku ya kupokea funguo, andikeni namba za mita, idadi ya funguo na kila kigae kilichopasuka, mkasaini wote wawili. Mkigombana baadaye, anzeni Service de l'Habitat (ofisi ya makazi) ya komini. Kesi ya upangaji hupitia usuluhishi kwanza.

Friji mbili zimetuungulia tangu tuhamie hapa, na stabilizeta tunayo. Tumekosea wapi?

Mama, stabilizeta peke yake haitoshi, kwa kuwa friji huuawa na vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni umeme mdogo. Jioni kila nyumba ikiwasha jiko na kichemsha maji, volti hushuka kutoka 220 hadi 170 au chini zaidi. Kompresa inajaribu kuzunguka, inashindwa, na ikiwa imekwama hivyo huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida mpaka waya za ndani zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache matokeo ni yale yale, kwani presha ya gesi bado haijashuka na kompresa haina nguvu ya kuanza. Hili stabilizeta nzuri yenye kuchelewesha hulizuia.

Cha pili ni waya wa nyutro kukatika kwenye nguzo. Hapo nyumba inaweza kupokea volti 300 na zaidi, na stabilizeta huungua pamoja na friji yenyewe.

Mwite fundi afunge kilinda volti kwenye tablo (sanduku la umeme la nyumba), mara tu baada ya disjonkta kuu (swichi inayojikata yenyewe). Akiweke kikate chini ya volti 185 na juu ya 250, na kirudishe umeme baada ya dakika 3 hadi 5. Ampea zake zisiwe chini ya za disjonkta. Halafu apime waya wa ardhi kwa mashine, si kwa kuangalia tu. Udongo ukikauka Agosti na Septemba, fimbo ya ardhi iliyokuwa sawa wakati wa mvua haishiki tena. Akipata zaidi ya ohm 30, aongeze fimbo ya pili mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa fimbo moja. Radi za Novemba hazichezi, na kizuia radi kisicho na ardhi ni pambo la tablo.

Kuhusu jenereta, watu wa Golf wanapenda kubwa. Jenereta ya dizeli ya kVA 20 ikilisha taa na friji tu haipati moto wa kutosha: mazutu (dizeli) haiungui yote, masizi yanajaa, moshi unakuwa mweusi. Kwa usiku, betri ni bora. Friji, taa 10 za LED, televisheni na ruta huhitaji kama wati 260 kwa wastani, yaani kWh 2 kwa saa 8. Betri moja ya lithiamu ya volti 48 na Ah 100 inatosha na kubakiza. Ukinunua za risasi, za volti 12 na Ah 200, chukua angalau mbili, kwa kuwa ukizimaliza zaidi ya nusu kila siku hazidumu.

Maji ya forage (kisima cha kuchimbwa) yetu yanang'aa. Bado tuyapime?

Mpime. Bakteria, nitrati na madini hayaonekani kwa macho, na huu ni mji wa shaba na kobalti. Mwambieni mtu wa maabara apime E. coli, nitrati, kobalti, shaba na manganizi. Angalieni pia shimo la choo, lenu na la jirani: liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye forage. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini.

Kuosha tanki: baada ya kusugua, lijazeni, kisha tieni lita 1 ya javeli (dawa ya klorini) ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, liache saa 12, mmwage yote. Pampu ifungiwe kikata umeme cha maji yakiisha, maana mwishoni mwa kiangazi maji hushuka na pampu inayovuta hewa huungua.

Zamu (mlinzi) wetu analala hapa siku zote saba. Ni sawa?

Si sawa. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mfanyakazi mapumziko kila wiki, kwa hiyo mtafutieni wa kumpokea. Na msidhani mkimlipa kwa siku hana mkataba: akishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, mkimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Mwandikieni mkataba na mumsajili CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii).

Kwa nini dukani wanakataa dola zangu?

Zina mkunjo uliochanika, au maandishi ya kalamu. Hata mchaniko mdogo kama kucha unatosha, na noti ya dola 1 wengi hawaigusi. Benki ikikupa noti mbovu, irudishe pale pale dirishani.