Maswali ya wasomaji: Stoo ina nondo 200, ratiba inasema tumwage slabu

SWALI: Nasimamia ujenzi wa jengo la ghorofa moja hapa Mikindani, Mtwara. Ratiba iko Microsoft Project kwenye laptopu ya injinia, mtunza stoo ana Excel yake, fomeni anatuma taarifa WhatsApp. Tulipoingiza zote kwenye ratiba, tarehe zilivurugika, na safu ya vifaa ikaonyesha nondo zinatosha kumwaga slabu. Saitini hazikutosha. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, faili la ratiba liwe la mtu mmoja, injinia. Wengine wasiliguse, walete taarifa wanazozijua wao. Mtunza stoo hajui slabu itamwagwa lini, lakini anajua nondo ngapi ziko chini ya turubai. Aandike hizo tu.

Kuhusu nondo, kagueni kwanza vipimo. Injinia hupanga kwa tani, stoo huhesabu moja moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani 3 ni nondo kama 281. Ratiba ikitaka 3 na stoo ikaandika 200, fomula inaona 200 ni kubwa kuliko 3 na kupitisha, kumbe zimepungua 81. Kila kifaa kiwe na kipimo kimoja, kiandikwe kwenye safu yake pembeni ya idadi.

Tarehe nazo zina mtego. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani husoma 05/06 kuwa tarehe 6 Mei. Ikikuta 13/06 inashindwa, inaiacha kama maandishi. Wote andikeni mwaka kwanza: 2026-06-05.

Kila mstari wa Excel ubebe namba ya kazi. Msitumie namba ya mstari wa ratiba, maana ikipenyezwa kazi mpya katikati, za chini yake zote hubadilika. Tumieni safu ya Unique ID, namba ya kudumu ambayo Microsoft Project huipa kila kazi. Wakati wa kuingiza, injinia achague kuunganisha na mradi uliofunguliwa, na safu hiyo ndiyo iwe ufunguo wa kulinganisha mistari ya Excel na kazi za ratiba.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaingiza safu ya Start, yaani tarehe ya kuanza iliyopangwa. Programu inadhani umeamuru kazi isianze kabla ya siku hiyo, inaigandisha, na kazi iliyotangulia ikiwahi, hii haivutwi mbele. Ingizeni tarehe halisi ya kuanza, tarehe halisi ya kumaliza, na siku zilizobaki. Fomeni asiulizwe asilimia. "Asilimia 90" inaweza kukaa wiki tatu bila kusogea. Mwulizeni amebakiza siku ngapi kufunga nondo, atawajibu sawasawa.

Kumwagilia zege maji ili likomae kuwe kazi yenye namba yake. Mkiandika siku 7 kwenye kalenda ya Jumatatu hadi Jumamosi, programu inaruka Jumapili na kuzifanya 8, wakati zege halijui Jumapili. Andikeni 7ed, zihesabiwe mfululizo.

Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, lakini kinachotoka Dar es Salaam kinategemea barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata eneo la Somanga. Mnunuzi aandike tarehe mzigo ulipofika saitini. Tarehe ya kulipia haimwagi slabu. Kazi za nje za Desemba hadi Aprili zipewe kalenda yenye siku chache kwa wiki kwa ajili ya mvua.

SWALI: Sisi tuko Ruangwa, Lindi, na intaneti inakatika. Tutaweza haya?

JIBU: Mtaweza. Excel haihitaji intaneti. Jazeni kila siku, kisha tumeni faili Jumamosi jioni, jina lake likiwa na tarehe. Ratiba nzima ihesabiwe kufikia Jumamosi hiyo hiyo, hata faili likichelewa hadi Jumatatu. Mkichanganya taarifa za siku mbili tofauti, stoo itaonekana ina mifuko ya saruji ambayo fomeni ameshaitumia. Na injinia ahifadhi nakala ya ratiba kabla ya kuingiza chochote.