Kipindi kilifanana na changu, na bado sikushtaki

Ndugu, umeuliza kama unaweza kukishtaki kituo ulichokipelekea wazo la shindano la uhalisia (reality show), kikakukatalia, halafu kikarusha kipindi kinachofanana nalo. Mimi yalinikuta hayohayo.

Nilikuwa na kurasa mbili tu: familia sita kwenye nyumba moja, bila fedha, zinabadilishana kazi na kutoana kwa kura kila wiki. Nilieleza kwa mdomo, nikaacha nakala mezani, nikaondoka. Miezi kumi baadaye nikaona kwenye televisheni familia, nyumba na kura. Usiku ule sikulala.

Wakili alizisoma kurasa zangu akaniuliza, "Hapa kilicho chako ni kipi?" Nikataja nyumba iliyojaa kamera. Akasema hiyo tayari ipo kwenye kipindi cha Big Brother. Nikataja kura ya kutoana. Akasema hiyo ipo kwenye kipindi cha Survivor. Tukaenda hivyo mpaka orodha yangu ikaisha, na nikiri iliniuma sana.

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna wazo lilivyoandikwa au kutengenezwa, na kwa vipindi vya aina hii mpaka huo ni mgumu kuuona. Mtangazaji Hughie Green alikuta huko New Zealand kipindi chenye jina lilelile la chake, Opportunity Knocks, chenye misemo yake na hata kifaa cha kupimia makofi ya watazamaji. Alifika hadi Privy Council, baraza la rufaa lililoko London, na mwaka 1989 akashindwa. Hakuthibitisha miswada yake ilikuwa na nini hasa, na vile vipengele vilivyobaki havikuungana kuwa kazi moja inayoweza kuigizwa. Ukisoma kesi ile utaona umuhimu wa karatasi.

Wenye Survivor nao waliishtaki Big Brother nchini Uholanzi wakashindwa mwaka 2004, ingawa mahakama ilikubali kwamba muundo wa kipindi unaweza kulindwa. Mwaka 2003 CBS, kituo cha Marekani kinachorusha Survivor, kiliomba mahakama ya New York izuie toleo la Marekani la kipindi cha I'm a Celebrity, kikakataliwa: vipindi vyote viwili viliwapeleka washiriki porini, lakini Survivor kilikuwa mapambano mazito na kile kingine burudani ya kuchekesha.

Kesi ya kukupa tumaini ni ya kampuni ya Banner dhidi ya Endemol, kampuni ya kutengeneza vipindi, Uingereza, 2017. Jaji alisema muundo unaweza kulindwa iwapo vipengele vyake vinaonekana wazi, vinautofautisha na vingine, na vimeunganishwa kiasi kwamba kipindi kinaweza kurudiwa kikatambulika kuwa ni kilekile. Banner yenyewe haikufika hapo, kwa sababu hati yake haikuwa na maelezo ya kutosha.

Kwa hiyo usianze na video yao, anza na hati yako. Siku ile uliyoikabidhi, ilikuwa imeandika mpangilio wa kila sehemu, alama zinavyohesabiwa, sare inavyoamuliwa, maneno ya mtangazaji, mchoro wa jukwaa? Vituo vinavyonunua leseni hununua hasa kitabu cha namna hiyo, pamoja na uzoefu wa waliokwisha kukosea na kurekebisha.

Kuna njia nyingine ambayo mimi niliipoteza: usiri. Kama walijua unawaambia jambo la siri, na hasa kama walisaini, dai lako linaweza kuwa na nguvu kuliko la hakimiliki. Mimi sikusainisha mtu, wala sikutuma hata barua pepe moja baada ya kikao.

Naamini mahakama ziko sahihi, pamoja na maumivu yangu. Kama aliyebuni kura ya kutoana angeimiliki peke yake, hata zile kurasa mbili nisingeweza kuziandika.

Tafuta barua yao ya kukukatalia. Ikiwa inataja kipengele chako mahususi, mpelekee wakili hiyo kwanza, pamoja na hati yenye tarehe.