Wimbo wa marehemu baba umeimbwa upya bila ruhusa: tuliyopitia sisi

Mkuu, pole na msiba wa mzee, hata kama miaka imepita. Umesema baba yako alitunga na kuimba kwenye bendi ya dansi miaka ya themanini, sasa kijana mmoja ameurudia wimbo wake, unapigwa kila harusi, na jina la mzee halipo popote. Kaka zako wanataka kesi ifunguliwe wiki hii. Baba yako mdogo anataka asaini, apokee laki tano aliyoahidiwa, yaishe. Unauliza kama mna haki.

Haki mnayo. Ila huyo kijana msimguse kwanza. Naandika kwa kirefu kwa sababu sisi tulianza kwa kumgusa, na kosa hilo lilitupotezea karibu miaka miwili.

Marehemu baba yangu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la rithim kwenye bendi ya shirika moja la umma. Nyimbo alizotunga zikarekodiwa ni kumi na moja. Tunazijua kwa idadi kwa sababu aliziandika zote kwenye kaunta buku moja, kila wimbo na tarehe yake na mahali alipokuwa siku anautunga. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2016 mpwa wangu akanitumia linki WhatsApp. Nikafungua, nikasikia beti zile zile, kiitikio kile kile, mpaka ule mstari ambao mama hudai ulimhusu yeye. Chini, sehemu ya mtunzi, kumeandikwa "asili". Yaani kama ngoma ya jando, haina mwenyewe. Mama aliusikiliza mara moja tu akaingia ndani.

Nikampigia yule kijana. Alipokea vizuri, akaniamkia, akasema, "Dada, mimi niliomba ruhusa, karatasi ninayo." Akanitumia picha ya karatasi hiyo. Imesainiwa na mzee tuliyemwita Baba Mkubwa tangu utotoni, mpiga besi wa bendi, mtu aliyeshika jeneza la baba. Alipewa laki tatu.

Tulipomwendea hakukana. Alisema, "Wanangu, ule ni wimbo wa bendi. Tuliupiga wote." Mzee yule hakuwa anadanganya. Kwa wanamuziki wa enzi zake, wimbo ulikuwa wa bendi. Mtunzi akihama, anahama na sauti yake, nyimbo zinabaki. Vyombo vilikuwa vya shirika au vya chama, mishahara ya shirika, studio ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. NUTA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi, ikachukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Nani angekaa na mkataba wa utunzi pale? Kwa hiyo mkienda kwa wazee wenzake na baba yako, nendeni mkijua hivyo. Msiende kama polisi.

Sasa sheria. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake, na ugomvi mwingi unatokana na watu kuzichanganya. Ya kwanza ni utunzi: maneno na sauti ya wimbo, kitu ambacho mtu angeweza kukiimba bila chombo chochote. Ya pili ni rekodi: ule mkanda uliotoka studio siku ile. Utunzi ni wa aliyetunga. Rekodi ni ya aliyeigharimia na kuitengeneza, na waimbaji na wapigaji wana haki zao katika uchezaji wao, ndizo zinazoitwa hakishiriki. Baba Mkubwa alikuwa na haki kwenye besi aliyoipiga. Kwenye maneno ya baba hakuwa na cha kuuza. Na yule kijana, kwa kuwa alirekodi upya na vyombo vyake, rekodi mpya ni yake. Hatukuweza kusema kila shilingi ya ile video ni yetu, ingawa kaka yangu alitaka tuseme hivyo. Kama wa kwenu amekata kipande cha mkanda wa zamani akakiweka ndani ya wimbo wake, hapo amegusa mali zote mbili, na ruhusa za kuomba ni mbili.

Sheria yenyewe ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Pigeni hesabu kwa tarehe ya kifo, sio ya wimbo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, kwa hiyo tungo zake zimeachiwa umma tangu mwisho wa 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979: bado zinalindwa mpaka 2029. Marijani Rajabu, 1995: mpaka 2045. Za baba yangu ni mpaka 2053, wajukuu zake watakuwa watu wazima. Kwa hiyo huyo anayekuambia "zilipendwa hazina mwenyewe" amekosea. Kupendwa na watu wote hakuufanyi wimbo kuwa wa watu wote. Rekodi nayo ina miaka yake 50 peke yake, inahesabiwa kivyake.

Ulinzi huo hauhitaji wimbo uwe umesajiliwa popote. Unaanza pale kazi inapokuwepo. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unasaidia kwenye ushahidi tu, kwa hiyo msikate tamaa kwa sababu mzee hakusajili. Wangapi wa enzi zake walisajili?

Kosa letu lilikuja hapa. Kwa hasira nilijaza fomu ya YouTube ya kuomba video iondolewe, nikajiandika mimi ndiye mmiliki. Video ikashuka baada ya siku chache, tukafurahi, mama akapika pilau. Kijana akatuma taarifa ya kupinga. Ikifika hapo YouTube haiamui nani mkweli. Inakupa wewe mlalamikaji siku 10 za kazi uoneshe kwamba umefungua kesi mahakamani, usipoonesha video inarudi. Tukakimbia kwa wakili. Swali lake la kwanza: "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Hakuwepo. Baba alikuwa na miaka kumi na tatu kaburini na hatukuwahi kufungua mirathi, maana aliacha nyumba moja na mama alikuwa anakaa humo humo. Bila msimamizi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kushtaki kwa jina la marehemu, hata kama wewe ni mzaliwa wa kwanza na sura ya baba umeichukua yote. Siku kumi zikaisha. Video ikarudi, na kijana ambaye mwanzo alikuwa ananiamkia akawa hapokei simu, anajibu kupitia wakili wake.

Kwa hiyo anzeni na mirathi. Sisi tulienda Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya hapo ni kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, cheti cha kifo, halafu mnapeleka maombi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko sheria yote. Baba alikuwa na watoto wengine wawili Kigoma, wa mama mdogo, na kaka yangu hakutaka waingie kwenye muhtasari. Alisema wao hata wimbo hawaujui. Wakili akatuambia wazi: mkiwaficha leo, siku mkianza kupata hela watakuja na uteuzi utatenguliwa. Tukapanda gari moshi mpaka Kigoma. Mdogo wetu wa kiume kule alitupokea stesheni akiupiga mluzi ule wimbo. Sijui nani alimfundisha, baba alikuwa anamwona mara moja kwa mwaka.

Mahakama ikaniteua mimi. Sasa zingatia hili, maana sijaliona likisemwa humu. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali za marehemu, ile Fomu Namba 5. Familia nyingi huandika nyumba, kiwanja, ng'ombe, hela za benki. Sisi tuliandika nyumba, halafu chini yake nyimbo kumi na moja, moja baada ya nyingine, majina yake na mwaka. Karani alisoma akaniuliza kama nina uhakika hizo ni mali. Nikamwambia ndizo mali. Zikapokelewa. Karatasi ile ndiyo iliyonisaidia kila mahali nilipokwenda baada ya hapo.

Ushahidi wa utunzi. Kaunta buku lilikuwa jambo kubwa, lakini mwandiko wa baba peke yake haukutosha. Wakili alitaka viapo vya watu waliokuwepo. Nikarudi kwa Baba Mkubwa, safari hii na mama na sukari kilo mbili, bila kaka. Nilimweleza kwamba hatutaki kumshtaki wala kumdai laki tatu, tunataka aseme alichokiona. Alikaa kimya muda, kisha akasimulia kwamba wimbo ule baba aliuleta mazoezini ukiwa umekamilika maneno na sauti, wao wakaujengea vyombo. Akaapa mbele ya kamishna wa viapo kwa maneno hayo hayo. Mtafuteni mtu kama huyo kwenu wakati yuko hai. Sikilizeni pia rekodi yenyewe na vipindi vya zamani vya redio, kwa sababu kwenye dansi ilikuwa kawaida mtunzi kutajwa. Maboksi ya mikanda ya Radio Tanzania, ambayo sasa iko TBC, yana maandishi juu yake.

Ubishi wa nani alitunga Malaika, Fadhili William au Adam Salim, umeendelea miongo na miongo, wimbo ukizunguka dunia nzima. Mkikosa mashahidi mnaweza kuishia pale pale.

Jambo moja lililomtia wakili wasiwasi, na ninyi liangalieni: ajira. Kama mtu aliajiriwa atunge, na akatunga ndani ya kazi hiyo, haki za kiuchumi zinaelekea kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Barua ya ajira ya baba ilisema yeye ni karani wa stoo. Muziki ulikuwa jioni. Barua hiyo mama alikuwa ameitandika chini ya droo ya kabati la vyombo. Tafuteni ya mzee wenu.

Baada ya hapo tulikwenda COSOTA, pande zote zikaitwa kwenye usuluhishi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini karatasi zilipowekwa mezani, uteuzi, orodha, viapo, daftari, wakili wake aliomba dakika kumi watoke nje. Waliporudi tulikuwa tunazungumzia kiasi. Tulikubaliana jina la baba liandikwe kama mtunzi kwenye kila mtandao wimbo ulipo, mirabaha yote ya utunzi ije kwenye mirathi, rekodi ibaki ya kijana, na tulipwe fidia ya nyuma kwa awamu tatu. Kiasi tulisaini kutokukitaja. Sio hela ya kujenga ghorofa. Awamu ya tatu ilichelewa miezi saba. Kila awamu tulimpa Baba Mkubwa fungu lake, na kaka alinuna kwa hilo mpaka mzee alipofariki.

Watu humu watakutajia AY na Mwana FA, kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito bila ruhusa. Ni kweli iliamuru. Lakini wale walikuwa hai, wanajieleza wenyewe, na kampuni ilikata rufaa. Usiwaahidi ndugu zako mabilioni, mtagombana kabla hata hamjapata laki.

Wa kumtolea mfano kwenye familia ni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi Mbube mwaka 1939, haki zake zikachukuliwa kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962 huku wimbo ukitajirisha watu Marekani. Binti zake walifika makubaliano mwaka 2006. Kilichowabeba ni kipengele cha sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Miaka yote ile, karatasi walizosainishwa ndizo zilizokuwa zinawafunga.

Ndiyo maana nakuomba kwa moyo wote kuhusu baba yako mdogo: asisaini. Sio kwamba laki tano ni ndogo. Yeye si msimamizi wa mirathi, na karatasi yake itawekwa mezani siku ya usuluhishi kama ile ya Baba Mkubwa ilivyowekwa kwetu. Mwambieni awe mwenyekiti wa kikao cha ukoo, mpeni heshima yake, na muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo. Na hiyo kaseti uliyosema ina mwandiko wa mzee kwenye kava, ipige picha leo, pande zote mbili, kisha usimwazime mtu.